Manukato katika vipodozi: Jinsi maabara inavyobaini kemikali zinazoleta mzio

KATIKA miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokausha ngozi na kupasua midomo, ni nadra kumkuta mkazi wa Iyunga ametoka nyumbani bila kujipaka mafuta. Katika maduka yaliyo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, jirani na stesheni ya reli ya TAZARA, losheni, mafuta ya mgando, sabuni za kuogea na marashi hupangwa safu kwa safu. Mnunuzi hufungua kifuniko, hunusa, kisha huamua.

Harufu ndiyo inayouza. Hata hivyo, harufu hiyo ndiyo sehemu ya kipodozi ambayo mnunuzi huielewa kidogo kuliko zote. Nyuma ya chupa, mara nyingi huwa imefupishwa kwa neno moja tu, 'Parfum' au 'Fragrance', wakati mchanganyiko unaobebwa na neno hilo unaweza kuwa na kemikali makumi kadhaa, na wakati mwingine zaidi ya mia moja. Nyingi hazina madhara kwa watu wengi. Chache kati yake zinafahamika duniani kote kuwa husababisha mzio wa ngozi, na ndizo zinazotafutwa na maabara.

Mzio wa manukato ni nini

Mzio wa manukato haufanani na muwasho wa kawaida unaotokana na sabuni kali. Sabuni kali inaweza kumuunguza mtu yeyote, tena siku ileile. Mzio huanza kwa kimya. Kemikali ndogo hupenya ngozi, hushikamana na protini za mwili, na chembe za kinga huitambua kama adui. Hatua hiyo haina dalili yoyote, na inaweza kuchukua wiki, miezi au hata miaka ya kutumia kipodozi kilekile.

Kinga ya mwili ikishaikariri kemikali hiyo, kila inapogusa ngozi tena mwili hujibu. Vipele, mwasho, uvimbe na ngozi kubabuka hujitokeza kwa kawaida baada ya siku moja hadi tatu. Kuchelewa huko ndiko kunakowachanganya wengi: mtu aliyejipaka losheni Jumatatu na kuanza kuwashwa Jumatano hulaumu chakula, vumbi au maji, wakati chanzo kiko mezani pake. Aidha, mzio wa aina hii ukishaanza kwa kawaida hudumu maisha yote. Hakuna dawa ya kuufuta. Kinachobaki ni kuiepuka kemikali husika.

Barani Ulaya, ambako uchunguzi wake umefanywa kwa muda mrefu, wataalamu wanakadiria kuwa kati ya asilimia 1 na 3 ya watu wote wana mzio wa kemikali fulani ya manukato.

Kwa ngozi nyeusi tatizo lina sura ya pili. Wekundu unaoelezwa katika vitabu vingi vya Ulaya hauonekani kwa urahisi. Kinachoonekana ni ngozi kuwa ngumu, kuwa na rangi ya majivu, na baadaye kuacha madoa meusi. Ni hapo mduara mbaya unapoanza. Mwenye madoa hudhani ana fangasi na kununua dukani krimu yenye steroidi, ambayo hutuliza mwasho kwa muda na kuficha chanzo. Mwingine hutafuta mkorogo wa kuondoa madoa, wenye zebaki au haidrokwinoni. Tatizo lililoanzia kwenye harufu nzuri huishia kuwa sumu mwilini.

Baridi na ukavu wa Nyanda za Juu Kusini nao una nafasi yake. Ngozi iliyopasuka haina ukuta imara wa kuzuia kemikali, hivyo kipodozi kinachopakwa juu yake hupenya kwa urahisi zaidi.

Kutoka kemikali 26 hadi zaidi ya 80

Kipimo cha kutambua mzio kwa kubandika kemikali ngozini kilianzishwa mwaka 1895 na daktari wa ngozi Josef Jadassohn, huko Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Mwaka 1977 mtafiti Larsen alipendekeza mchanganyiko wa viambato 8 vya manukato vya kupimia wagonjwa. Ndani yake zilikuwamo yujenoli, ambayo ndiyo kemikali kuu ya karafuu. Sinamali, inayotoa harufu ya mdalasini. Na jeranioli, inayopatikana katika mafuta ya waridi. Mwaka 2005 mchanganyiko wa pili wenye viambato 6 uliongezwa, ikiwamo sitrali, kemikali inayotawala mafuta ya mchaichai.

Sheria zilifuata. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliamua kuwa viambato 26 vya manukato vitajwe kwa majina kwenye lebo, badala ya kufichwa chini ya neno 'Parfum'. Agizo hilo lilianza kutekelezwa Machi 2005. Kati ya viambato hivyo, 24 ni kemikali zinazojulikana moja moja, na viwili ni dondoo za likeni, yaani ukoga unaoota kwenye magome ya miti.

Sheria hiyo iliweka viwango viwili. Kwa bidhaa inayobaki mwilini, kama losheni, krimu au marashi, kemikali hutakiwa kutajwa ikizidi asilimia 0.001. Kwa bidhaa inayosuuzwa, kama sabuni na shampuu, kiwango ni asilimia 0.01. Kwa maneno mepesi, kilo moja ya losheni ikiwa na zaidi ya miligramu 10 za kemikali hiyo, jina lake linapaswa kuandikwa. Katika chupa ya gramu 200, hizo ni miligramu 2 tu.

Baadhi ya kemikali hazikuvumiliwa hata kwa kutajwa. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati yake, maarufu ikiwa ile iliyouzwa kwa jina la Lyral, na kufikia Agosti 2021 bidhaa zenye kemikali hizo zilitakiwa kuwa zimeondolewa sokoni. Machi 2022 ilifuata nyingine, Lilial, safari hii si kwa sababu ya mzio bali kwa madhara yake kwa uzazi. Mwaka 2023 orodha ya kemikali zinazopaswa kutajwa ilipanuliwa na kuzidi 80. Bidhaa mpya zilipewa hadi Julai 31, 2026 kutimiza masharti hayo, na zilizokwisha kuwa sokoni hadi Julai 31, 2028.

Ndani ya maabara

Kazi ya upimaji huanza kabla ya maabara. Mkaguzi huchukua sampuli ikiwa katika chombo chake, huifunga kwa lakiri, na huandika jina la bidhaa, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na mahali ilipochukuliwa. Sampuli iliyofunguliwa njiani, au iliyohamishiwa katika chupa nyingine, haiwezi kusimama kama ushahidi.

Maabara ikipokea marashi, maandalizi huwa mepesi: hupunguzwa makali kwa kimiminika maalumu na huwa tayari kupimwa. Losheni na krimu ni kazi nzito zaidi, kwa kuwa manukato yamefungamana na mafuta, nta na maji. Mtaalamu hupima kiasi kidogo kwa mizani nyeti, hukichanganya na kiyeyushi, hukitikisa, hukizungusha kwa kasi ili mafuta mazito yajitenge, kisha huchuja. Huongeza pia kiasi kinachojulikana cha kemikali nyingine ambayo haimo katika kipodozi. Kemikali hiyo ni shahidi: ikipungua njiani, mtaalamu hujua kuwa na zile anazozitafuta zimepungua.

Baada ya hapo tone dogo huingizwa katika mashine ya kromatografia ya gesi. Ndani yake kuna mrija mwembamba uliokunjwa kama waya wa stovu, ambao kwa kawaida una urefu wa mita 30 na uwazi wa ndani wa takriban robo ya milimita. Gesi ya heliamu husukuma mvuke wa sampuli ndani ya mrija huo huku joto likipandishwa polepole. Kila kemikali hutembea kwa mwendo wake: nyepesi hutangulia, nzito huchelewa, na nyingine hushikamana zaidi na kuta za mrija. Mwishoni hutoka moja baada ya nyingine, kila moja kwa dakika yake.

Muda wa kutoka peke yake hautoshi kuwa kitambulisho, kwa sababu kemikali mbili zinaweza kufika pamoja. Ndiyo maana mwisho wa mrija huunganishwa na spektrometa ya tungamo. Kifaa hiki huzipiga molekuli kwa elektroni na kuzivunja vipande, kisha hupima uzito wa kila kipande. Kila kemikali huvunjika kwa mpangilio wake, mfano wa alama za vidole, na kompyuta hulinganisha mpangilio huo na kumbukumbu zilizohifadhiwa.

Hatua ya mwisho ni kujua kiasi. Maabara hupitisha katika mashine hiyohiyo vimiminika vyenye viwango vinavyojulikana vya kila kemikali, huchora mstari wa ulinganisho, na kusoma juu yake kiasi kilichomo katika sampuli. Mchanganyiko ukiwa mgumu, sampuli hurudiwa katika mrija wa aina ya pili, na jibu hukubaliwa pale mirija yote miwili inapokubaliana. Barani Ulaya upimaji huu una kiwango chake, EN 16274, kilichotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2021, kinachohusu kemikali 57.

Kwa hiyo, maabara haitoi jibu la 'salama' au 'si salama'. Hutoa orodha ya majina na miligramu kwa kila kilo. Anayeamua ni msimamizi wa sheria, anayelinganisha orodha hiyo na lebo pamoja na viwango vilivyowekwa. Aidha, mashine peke yake haitoshi. Maabara inapaswa kuthibitisha umahiri wake kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, na anayepeleka sampuli ana haki ya kuuliza kama kipimo anachokitaka kimo katika vipimo vilivyothibitishwa.

Kile ambacho joto huficha

Zipo kemikali mbili zinazokutwa katika vipodozi vingi sana: linaloli, yenye harufu ya maua, na limonini, yenye harufu ya maganda ya machungwa. Zikiwa mbichi, uwezo wake wa kuleta mzio ni mdogo. Zinapokutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika taratibu na kuzaa kemikali nyingine ambazo ni kali zaidi kwa ngozi.

Hapa maabara hukumbana na kikwazo. Kemikali hizo mpya huharibika kwa joto, na mashine ya gesi hufanya kazi kwa joto. Kuzipima vizuri kunahitaji mashine ya aina nyingine, inayotenganisha kemikali zikiwa katika kimiminika. Chupa inaweza kufaulu ilipotoka kiwandani, kisha ikageuka hatari baada ya kukaa wazi juu ya meza ya sokoni.

Funzo lake liko wazi kwa wafanyabiashara wa Iyunga, Mwanjelwa au kwingineko. Chupa za majaribio zinazofunguliwa kutwa nzima, na marashi ya kupimwa kutoka chombo kikubwa kwenda vichupa vidogo, hukutana na hewa kwa kiwango ambacho mtengenezaji hakukikusudia.

Kipimo cha ngozini

Maabara ya kemia hueleza kilichomo ndani ya chupa. Haiwezi kueleza kilichomo ndani ya mtu. Hilo ni jukumu la daktari wa ngozi. Kiasi kidogo cha kila kemikali hubandikwa mgongoni kwa plasta maalumu na kuachwa kwa saa 48. Plasta hubanduliwa na ngozi kusomwa, kisha husomwa tena baada ya siku moja au mbili. Mahali palipovimba au kutoa vipele hutaja jina la kemikali yenye kosa.

Tanzania ina historia yake katika taaluma hiyo. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichopo katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990. Kwa wakazi wa Mbeya, njia ya kuanzia ni kituo cha afya, na mgonjwa akihitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda.

Nani mwenye dhamana nchini

Kwa muda wa miaka 16 usimamizi wa vipodozi nchini ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), iliyoundwa kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yalihamishia jukumu la chakula na vipodozi katika Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa Zanzibar, masuala ya viwango yana taasisi yake, yaani Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS).

Pamoja na TBS ipo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa mwaka 1895 wakati wa utawala wa Wajerumani. Mamlaka hiyo pia husimamia kemikali za viwandani na majumbani. Taasisi zote mbili zina ofisi za Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya.

Viwango vinavyotumika ni vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. EAS 377 huorodhesha viambato vilivyopigwa marufuku na vile vinavyoruhusiwa kwa masharti, na EAS 346 huelekeza mambo ya lebo. Mfumo huo wa orodha unafanana na ule wa Ulaya. Hadi sasa, macho ya wengi yameelekezwa kwenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na kwa haki, kwa kuwa madhara yake ni makubwa na ya haraka. Mzio wa manukato hauui, hivyo huzungumzwa kidogo, ingawa humsumbua mtu miaka mingi.

Mbeya ina sababu ya pekee ya kufuatilia suala hili. Ni njia ya bidhaa zinazopita mipaka ya Tunduma kwenda Zambia na Kasumulu kwenda Malawi. Kipodozi kilichopitishwa njia za panya hakina cheti, hakina namba ya usajili, na mara nyingi hakina lebo inayoweza kuaminika. Mnunuzi akidhurika, hakuna wa kumuuliza.

'Asilia' si hati ya usalama

Wapo wanaodhani kuwa tatizo ni la kemikali za viwandani pekee, na kwamba mafuta ya mimea hayana neno. Maabara haitofautishi. Yujenoli iliyotoka kwenye makonyo ya karafuu yanayokamuliwa Wawi, Pemba, ni yujenoli ileile iliyotengenezwa kiwandani. Mafuta ya mlangilangi, mdalasini, mchaichai na maganda ya limau yote yana kemikali zilizomo katika orodha. Kwa kweli, mafuta ya mchaichai yanaweza kuwa na sitrali kwa zaidi ya nusu ya ujazo wake.

Suala hili linawagusa moja kwa moja wajasiriamali wanaotengeneza sabuni na losheni majumbani. Wengi hununua manukato kwa vichupa vilivyoandikwa 'waridi' au 'limau' tu, bila kujua kilichomo. Kupima kila toleo katika maabara ni gharama kubwa kwa kikundi kidogo, lakini ipo hatua isiyohitaji mashine: kumdai msambazaji hati inayotaja kemikali za mzio zilizomo katika manukato hayo. Watengenezaji wakubwa wa manukato duniani, ambao shirikisho lao, IFRA, lilianzishwa mwaka 1973, hutoa hati za namna hiyo pamoja na kiwango cha juu cha matumizi kwa kila aina ya bidhaa. Msambazaji asiyeweza kuitoa anapaswa kuachwa.

Kwa hati hiyo, hesabu ni nyepesi. Manukato yenye asilimia 5 ya sitrali yakitiwa katika losheni kwa kiwango cha asilimia 1, losheni itakuwa na asilimia 0.05 ya sitrali, yaani mara 50 ya kiwango kinacholazimisha kuitaja kwa sheria ya Ulaya. Mjasiriamali anayejua hivyo anaweza kuandika lebo ya kweli, au kupunguza manukato. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) huwapa wajasiriamali barua ya utambulisho inayowafungulia njia ya kupata alama ya ubora ya TBS.

Mnunuzi afanye nini

Jambo la kwanza ni kusoma nyuma ya chupa kabla ya kunusa. Majina yanayokutwa mara nyingi huandikwa 'Linalool', 'Limonene', 'Citral', 'Geraniol', 'Eugenol', 'Cinnamal' na 'Coumarin'. Kuyaona si sababu ya kuogopa. Kwa mtu asiye na mzio ni dalili kwamba mtengenezaji amesema ukweli. Kwa mwenye mzio, ndiyo njia pekee ya kujikinga.

Pili, maandishi ya 'haina harufu' yasichukuliwe kuwa sawa na 'haina manukato'. Baadhi ya bidhaa hutiwa manukato ili kuficha harufu ya viambato vingine.

Tatu, kipodozi kipya kijaribiwe kwanza. Kiasi kidogo kipakwe sehemu moja upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mwasho ukitokea, kisitumike usoni wala mwilini, na watoto wasipakwe.

Nne, kinachofunguliwa kifungwe, kiwekwe mbali na jua, na kisitumike baada ya muda wake kuisha.

Mwisho, aliyekwisha kudhurika asitupe chupa. Aifunge ilivyo, aende nayo hospitali, na baadaye atoe taarifa katika ofisi ya TBS ya kanda. Chupa yenye namba ya toleo ndiyo inayomwezesha daktari kujua cha kupima mgongoni, na ndiyo inayomwezesha mkaguzi kuzifuata nyingine za toleo hilo kabla hazijafika kwa mnunuzi mwingine. Bila chupa, yanabaki maelezo tu, na maabara haipimi maelezo.